Kriketi ya Kenya: majina ya huku, uwanja wa kule

Kombe la Dunia la kriketi linarudi Afrika Oktoba na Novemba 2027. Wenyeji ni Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia. Lilipochezwa barani mara ya kwanza, mwaka 2003, wenyeji walikuwa Afrika Kusini, Zimbabwe na Kenya. Wawili wamebaki, wa tatu amebadilishwa. Na aliyekalia kiti chetu ni taifa la watu milioni tatu hivi, ambalo mwaka huo wa 2003 lilishindwa mechi zake zote huku sisi tukiingia nusu fainali.

Uliza hapa Nakuru, au ukiwa Kisumu, nini kilitusibu, nawe utapewa jibu kabla hujamaliza swali. Mmoja atasema wakubwa wa ofisini walikula pesa. Mwingine atataja kashfa ya Maurice Odumbe, aliyefungiwa miaka mitano na Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, mnamo Agosti 2004 kwa uhusiano wake na mtu wa kamari. Wa tatu atakuambia ule ulikuwa mchezo wa Wahindi, nao walipohama ukahama nao. Kila jibu lina ukweli wake. Lakini nahodha wa Afrika Kusini, Hansie Cronje, alifungiwa maisha mwaka 2000 kwa makosa ya aina hiyo, tena makubwa zaidi, na timu yake haikuporomoka. Kwa hiyo kuuliza nani alikosa hakutufikishi mbali. Ninachotaka kueleza ni kwa nini makosa ambayo wengine waliyamudu sisi yalitumaliza.

Kwanza mafanikio yenyewe, maana kijana aliyezaliwa baada ya 2003 hayaamini.

Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, India, Kenya ilipata mikimbio 166 tu dhidi ya West Indies, timu ya pamoja ya nchi za Karibea. Ni alama ndogo. Waliokuwa wakisikiliza redio walishajiandaa kwa kichapo. West Indies wakatolewa wote kwa 93. Brian Lara, aliyekuwa mpigaji hatari kuliko wote duniani wakati huo, alipata 8. Mpira wa Rajab Ali ulipita kwenye ukingo wa gongo lake na Tariq Iqbal, mlinda wiketi (vile vijiti vilivyo nyuma ya mpigaji), akaunasa. Odumbe, nahodha, alitoa watatu kwa kuruhusu mikimbio 15 pekee. Miaka miwili baadaye, Mei 1998, India wenyewe walichapwa nyumbani kwao Gwalior kwa tofauti ya mikimbio 69.

Halafu ikaja 2003. Sri Lanka, mabingwa wa 1996, walitua Nairobi na wakashindwa kwa mikimbio 53. Collins Obuya, kijana wa mipira ya kuzunguka, akawatoa watano. Bangladesh wakafuata mjini Johannesburg, kisha Zimbabwe mjini Bloemfontein. India wakatuzuia Durban katika nusu fainali ya 20 Machi. Hakuna taifa jingine lisilo mwanachama kamili wa ICC lililowahi kufika hatua hiyo ya Kombe la Dunia, kabla wala baada.

Tuwe wakweli, bahati ilikuwepo. New Zealand walikataa kuja Nairobi wakihofia usalama, miezi michache baada ya shambulizi la hoteli ya Kikambala la Novemba 2002, na Kenya ikapewa pointi za bure. Mfumo wa mwaka huo uliruhusu pointi hizo kubebwa hadi hatua iliyofuata. Wapo wanaosema nusu fainali ile ilikuwa ya karatasi. Nawajibu kwamba Sri Lanka hawakugoma. Walikuja, wakacheza, wakapigwa.

Sasa tuingie kwenye mfumo, ambako ndiko wengi hupotelea.

Katika soka, Shelisheli na Brazil wako chini ya sheria moja: yeyote anaweza kuingia mchujo na akishinda anasonga. Kriketi haiko hivyo. ICC ina wanachama wa daraja mbili. Wanachama kamili ni 12. Hao ndio wanaocheza Test, mechi za siku tano, na ndio hualikana kwa ziara za majuma kadhaa zinazoleta pesa za televisheni. Wengine wote, zaidi ya nchi 90, ni wanachama washirika. Katika mgao wa mapato wa ICC wa mwaka 2024 hadi 2027, India peke yake inapata asilimia 38.5. Washirika wote kwa pamoja, Kenya ikiwemo, wanagawana asilimia 11.19.

Ndani ya hao washirika nako kuna tabaka. Wachache hupewa hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za ova 50 (ova moja ni mipira sita). Kenya ilikuwa na hadhi hiyo tangu enzi za Pune, ikaipoteza Januari 2014 katika mchujo uliofanyika New Zealand. Ukiwa nayo unapata ruzuku kubwa zaidi na mechi zako zinaingia kwenye kumbukumbu rasmi, hivyo mdhamini ana cha kununua. Ukiikosa unarudi kwenye mashindano ya madaraja ya chini ambayo hakuna runinga inayoyaonyesha. Ni kama mwenye matatu aliyenyang'anywa leseni: bila leseni habebi abiria, na bila nauli za abiria hapati pesa ya kukomboa leseni.

Lakini kosa si la 2014. Msumari wa kwanza ulipigwa mapema zaidi, mara tu baada ya ile nusu fainali. Timu iliyotoka kuwachapa Sri Lanka ilihitaji kucheza na wakubwa mwezi baada ya mwezi. Mwaka 2004 Kenya ilicheza mechi mbili tu rasmi za ova 50, zote katika Kombe la Mabingwa kule Uingereza. Mwaka 2005 haikucheza hata moja. Steve Tikolo, ambaye kwa maoni yangu ndiye mpigaji bora kuwahi kutoka nje ya nchi za Test, alikuwa na miaka 33 na hana pa kupiga.

Linganisha na Bangladesh. Mwaka 1997 walitushinda fainali ya washirika mjini Kuala Lumpur kwa mpira wa mwisho kabisa, ingawa Tikolo alikuwa amepata 147 peke yake. Mwaka 2000 wakapewa hadhi ya Test. Kenya ilitaka hadhi hiyo hiyo na haikuipata. Katika Kombe la Dunia la 2003 Bangladesh hawakushinda mechi yoyote. Walipigwa na Kenya, walipigwa hata na Canada. Ungedhani wangeteremshwa na sisi tupandishwe. Haikuwa hivyo. Wanachama kamili hawateremshwi, na ziara ziliendelea kuwajia. Waliendelea kushindwa mwaka baada ya mwaka, lakini walishindwa wakicheza na Australia na India, na katika kushindwa huko wakajifunza.

Mkenya akisikia hivyo hukasirika, na hasira hiyo ninaielewa. Ila kuna upande ambao hatupendi kuutazama. Dhaka ilikuwa na ligi inayojaza uwanja na mamilioni ya watoto wakicheza vichochoroni. Sisi tulikuwa na matokeo tu. ICC ilipouliza Kenya ina mashindano gani ya ndani ya siku tatu au nne, ina mikoa mingapi inayotoa wachezaji, jibu la kweli lilikuwa la aibu.

Hapo ndipo kanda yetu inapoingia.

Soma orodha ya wachezaji 15 wa 2003. Utamkuta Odumbe, Odoyo, Ongondo, Otieno, Obuya. Mtu wa Kisumu akiyasikia majina hayo huona timu ya nyumbani. Sasa hesabu tena, kwa familia. Kennedy Otieno, David Obuya na Collins Obuya ni ndugu. Martin Suji na Tony Suji ni ndugu. Watano kati ya 15 ni wa nyumba mbili. Tikolo naye alitanguliwa timu ya taifa na kaka zake Tom na David, na Odumbe mwaka 1996 alicheza pamoja na kaka yake Edward. Hitesh Modi alikuwa mtoto wa mwamuzi. Agosti 2006, katika mechi ya Nairobi dhidi ya Bangladesh, baba yake Subhash Modi aliinua kidole na kumtoa mwanawe kwa kosa la mguu mbele ya wiketi. Kisa hicho huchekesha, na hustahili heshima, ila pia kinaonyesha jinsi dunia ile ilivyokuwa ndogo. Nchi ya mamilioni ilikuwa inawakilishwa na watu ambao wangetosha kwenye harusi moja.

Majina yalikuwa ya huku, lakini watoto wale walilelewa Nairobi. Viwanja vya Swamibapa, Sir Ali, Simba Union, Aga Khan na Gymkhana viko karibu karibu, kuanzia Ngara na Pangani hadi Parklands na kuelekea Ruaraka. Klabu zilikuwa za jamii za Kihindi, na vijana Waafrika walioishi jirani walianza kwa kuokota mipira, kisha kuwarushia wanachama wakati wa mazoezi, hatimaye wakaingia kikosini wakawapita wenye klabu. Haikuwa sera ya mtu yeyote. Ilikuwa sadfa ya ujirani. Ilitoa kizazi kimoja cha ajabu, na sadfa hairudiwi kwa kuitamani.

Kisumu na Nakuru zingeweza kuwa na sadfa yao. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Nyuma yake wakaja mafundi, makarani, wenye maduka, na wakulima Wahindi waliopewa ardhi Kibos. Ambapo jamii hiyo ilikaa, kriketi ilifuata, na ndivyo ilivyokuwa pia katika miji ya Bonde la Ufa, ingawa huku walowezi Waingereza nao walikuwa na klabu zao. Rift Valley Sports Club ya Nakuru hadi leo ina uwanja wa kriketi katikati ya mji. Kilichokatiza ni siasa za miaka ya mwanzo ya uhuru. Sheria ya leseni za biashara ya 1967 iliwabana wasio raia, hasa nje ya miji mikubwa, na mwaka 1968 maelfu ya Waasia wenye pasipoti za Uingereza waliondoka Kenya. Nairobi ilipoteza wengi ila ikabaki na wa kutosha kuendesha ligi. Miji kama yetu ilibaki na viwanja vyenye wachezaji wa kuhesabu kwa vidole. Yule jamaa anayesema Wahindi walihama na mchezo wao, basi, yuko sahihi nusu. Anachokiacha ni kwamba raga nayo ilikuwa ya wageni.

Raga ililetwa na walowezi na ilichezwa ndani ya klabu zile zile zenye ua na mlinzi langoni. Leo bingwa wa ligi kuu, Kenya Cup, ameshatoka Nakuru, mwaka 2013 na 2014. Tangu 2016 Kabras Sugar wa Kakamega, timu ya kiwanda cha sukari, wamelibeba kombe hilo mara kadhaa. Mtoto wa Malava anaijua raga kuliko anavyojua foleni za Nairobi. Tofauti ilikuwa shule. Raga iliingia shule za upili, ikawa na mechi za kaunti, kanda na taifa, walimu wakapelekwa kozi, na vyuo vikuu vikawapokea waliomaliza. Kriketi ilibaki nyuma ya ua.

Jumamosi moja nilisimama kando ya ua kama huo, mchana, timu mbili zikicheza. Kijana wa bodaboda akaegesha pikipiki akaangalia kwa muda.

"Mzee, nani anaongoza hapo?"

"Bado hakuna anayeongoza. Hawa wengine hawajapiga."

"Na walianza saa ngapi?"

"Saa nne."

Akatazama simu yake, ilikuwa saa nane na kitu, akawasha pikipiki. Simlaumu. Mchezo ambao hujui nani anaongoza baada ya muda wa saa nne unahitaji mtu aliyeuzoea tangu utotoni, na hakuna aliyempa nafasi ya kuuzoea.

Wanaosema kriketi ni ghali hawakosei. Gongo zuri la mti wa willow bei yake hupita karo ya muhula katika shule nyingi za kutwa, na bado hujanunua pedi, glavu, kofia ngumu wala mipira ya ngozi. Uwanja wa nyasi nao una mambo yake. Ile njia ya katikati, yenye urefu wa mita 20 na upana wa mita tatu, haiwi nyasi tu. Unahitaji udongo wa mfinyanzi, umwagiliwe, ushindiliwe kwa rola siku kadhaa hadi uwe mgumu, na nyasi zikatwe fupi kabisa ili mpira udunde sawasawa. Ukikosea, mpira mmoja unatambaa chini na unaofuata unamjia mtu usoni. Inachekesha kwamba udongo mweusi wa uwanda wa Kano, ule unaopasuka kiangazi na kunasa magari masika, ni wa jamii ile ile inayotengenezewa viwanja vingi vya India.

Lakini mtoto haanzii hapo. Anaanzia kwenye njia ya zege iliyotandikwa mkeka wa nyuzi, ukavutwa ukakaza na kupigiliwa pembeni usijikunje. Akiwa hana hata huo, mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe wa fundi umeme unatosha. Ndivyo walivyoanza wachezaji wengi wakubwa wa Pakistan. Gharama haikutuzuia kucheza voliboli wala magongo, ambayo nayo yana vifaa vyake. Kilichokosekana ni mtu wa kuamua kwamba shule za Nakuru, Kisumu, Kakamega na Kisii zitacheza.

Vuka mpaka wa Busia uone waliokata shauri. Ukifika Jinja utakuta Jinja SSS na Busoga College Mwiri, shule mbili zilizolisha timu ya taifa ya Uganda kwa miaka mingi, na wana Wiki ya Kriketi ya Shule ambayo kila kijana wa huko anaijua. Tulikuwa tukiwapiga Waganda tukiwa usingizini. Novemba 2023, mjini Windhoek, waliishinda Zimbabwe wakafuzu Kombe la Dunia la 2024 la T20, kriketi fupi ya ova 20 kwa kila timu. Kenya ilikuwa katika mchujo huo huo na ikabaki nje. Ni kweli kule West Indies waliaibishwa siku moja kwa kutolewa kwa mikimbio 39. Ila pia waliishinda Papua New Guinea, na Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, akarusha ova zake nne kwa mikimbio minne tu. Kenya imecheza Kombe la Dunia la T20 mara moja pekee, 2007, na humo Sri Lanka walitupiga mikimbio 260.

Kuhusu ofisi sitakaa sana, kwa sababu ni hadithi inayojirudia. Wachezaji waligoma kwa ajili ya malipo baada ya 2003, chama cha zamani kikaondolewa na Cricket Kenya ikaundwa mwaka 2005. Mwaka 2018, baada ya timu kushindwa mechi zote za daraja la pili kule Namibia, nahodha, kocha na mwenyekiti walijiuzulu pamoja. Agosti 2024 alitambulishwa kocha mpya, Dodda Ganesh aliyewahi kuichezea India. Mwezi mmoja baadaye alikuwa ameondolewa kwa sababu halmashauri haikuidhinisha uteuzi wake. Kila mara vurugu hizi hutokea kunakuwa na watu 30 au 40 wa kiwango cha taifa nchi nzima. Wakikata tamaa hao, hakuna nyuma yao. Ndiyo sababu Collins Obuya, yule kijana wa 2003, hakustaafu hadi Machi 2024, akiwa ameichezea Kenya tangu 2001.

Hali ya sasa si giza tupu. Tangu Januari 2019 kila mechi ya T20 kati ya wanachama wa ICC ni rasmi, hivyo Kenya ina mechi nyingi kuliko ilivyokuwa nazo katikati ya miaka ya 2000. Zisikudanganye zote: Novemba 2022, Kigali, tuliitoa Mali kwa mikimbio 30 na kumaliza kazi kwa mipira 15, na sioni timu ilijifunza nini. Mwaka 2025, Harare, tulifika nusu fainali ya mchujo wa Afrika, Zimbabwe wakatutoa. Tumebaki timu inayogonga mlango tu barani. Kombe la Dunia la 2027 litakuwa na timu 14, nne zaidi ya 2019 na 2023, na kriketi itarudi Olimpiki mwaka 2028 kule Los Angeles, ingawa kwa timu sita tu.

Hayo yote yako mbali na shule ya Nyalenda kule Kisumu au Kaptembwo hapa Nakuru. Kilicho karibu ni hiki: Katiba ya 2010 imeweka michezo na viwanja vyake chini ya kaunti, na wanafunzi wa Gredi ya 10 walioingia shule za juu Januari 2026 wana mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo unaohitaji michezo ya kufundishia. Kumwaga zege la mita 20 kwa tatu kwenye uwanja wa shule hakuhitaji kura ya ICC wala idhini ya halmashauri ya Nairobi. Kunahitaji saruji, mkeka mmoja, mwalimu aliyepelekwa kozi, na ratiba ya mechi dhidi ya shule jirani. T20 huchukua saa tatu. Ikianza saa nane mchana, watoto wanafika nyumbani kabla ya giza.